Milioni 700 za Ohtani: kikomo cha mishahara kingezuia nini hasa?

Desemba 2023 Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga mpira wa besiboli, alisaini na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700. Misimu miwili iliyofuata Dodgers wakabeba World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, mara mbili mfululizo: 2024 mbele ya New York Yankees, 2025 mbele ya Toronto Blue Jays. Kabla yao, klabu ya mwisho kutetea taji hilo ilikuwa Yankees ya 1998 hadi 2000. Tangu hapo mjadala wa besiboli ya Marekani haukwepi swali moja. Kati ya ligi nne kubwa za huko, hii peke yake haina kikomo cha mishahara, yaani jumla ya mishahara ambayo klabu hairuhusiwi kuizidi, na mkataba wa Ohtani unatolewa mezani kama ushahidi kwamba sasa inakihitaji.

Tuuchukue ushahidi huo na kuupasua. Pengo kati ya klabu tajiri na klabu dhaifu lipo, na ni kubwa. Lakini mkataba wenyewe ukiusoma tarakimu kwa tarakimu unakuonyesha kwamba pengo linaanzia kwenye fedha za televisheni na kwenye klabu ambazo hakuna anayezibana zitumie. Kikomo cha juu, kikiwekwa peke yake, hakigusi lolote kati ya hayo mawili.

Mkataba ulivyojengwa

Kila msimu kuanzia 2024 hadi 2033 Ohtani anapokea dola milioni 2 tu. Milioni 68 zilizobaki za kila msimu zimeahirishwa kwa miaka 10 kamili, bila riba. Za 2024 zitalipwa 2034, za 2025 zitalipwa 2035, na kuendelea hivyo mpaka 2043.

Maneno "bila riba" ndiyo yanayobeba uzito wote. Dola itakayolipwa 2034 haina thamani ya dola ya 2024, na mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unalijua hilo: fedha zilizoahirishwa huhesabiwa kwa thamani yake ya sasa, kwa kiwango cha riba kinachotokana na takwimu za serikali ya Marekani. Wakati wa kusaini kiwango hicho kilikuwa asilimia 4.43. Zidisha 1.0443 kwa yenyewe mara kumi, unapata kama 1.54. Gawa milioni 68 kwa 1.54, unapata karibu milioni 44. Ongeza zile milioni 2 za papo hapo na una milioni 46 kwa mwaka. Hiyo ndiyo tarakimu inayoingia kwenye hesabu za ligi, siyo milioni 2 na wala siyo milioni 70.

Kwa maneno mengine, huu ni mkataba wa takriban dola milioni 460 uliovalishwa joho la milioni 700. Bado ulikuwa rekodi siku uliposainiwa, maana Mike Trout alikuwa amesaini 426.5 na Los Angeles Angels mwaka 2019, ila ni rekodi inayoeleweka. Ndiyo maana hoja ya kwamba Dodgers "walikwepa" milioni 24 kila mwaka haisimami. Hakuna klabu iliyokuwa tayari kutoa milioni 70 taslimu kwa mwaka. Milioni 70 ni tarakimu iliyozaliwa na uahirishaji wenyewe.

Jambo moja la kiufundi hupitwa na wengi. Uzito wa kuahirisha unategemea riba ya siku hiyo. Kama kiwango kingekuwa asilimia 1, mkataba uleule, neno kwa neno, ungehesabiwa karibu milioni 63.6 kwa mwaka. Riba ilikuwa juu mwaka 2023, na ndiyo iliyofanya uahirishaji wa muda mrefu uwe na faida kubwa namna ile. Si Dodgers wala Ohtani aliyeipanga.

Halafu kuna amana. Watu wengi hudhani klabu inakaa na fedha hizo mpaka 2034 ikizitumia kusajili wengine. Hairuhusiwi. Thamani ya sasa ya kila kiasi kilichoahirishwa lazima iwe imetengwa ifikapo tarehe 1 Julai ya pili baada ya msimu husika. Za msimu wa 2024 zilipangiwa 1 Julai 2026. Kwa hiyo karibu milioni 44 za kila msimu zinatoka mfukoni mapema sana. Klabu inabaki na nafasi ya kupumua ya mwaka na nusu hivi, na ikiwekeza amana hiyo kwa faida inayozidi kiwango kilichotumika kwenye hesabu, ziada ni yake. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Anayeweza kunufaika zaidi ni mchezaji. Kama hataishi California fedha hizo zitakapolipwa, huenda asidaiwe kodi ya mapato ya jimbo hilo, ambayo ngazi yake ya juu inazidi asilimia 13. Mkaguzi wa fedha wa California alilalamika hadharani Januari 2024 na kuliomba Bunge la Marekani liweke mpaka. Hilo ni suala la sheria ya kodi ya nchi, na kikomo cha mishahara cha ligi hakilihusu kabisa.

Kodi iliyopo tayari, na inavyouma

Si kweli kwamba besiboli haina breki. Inayo kodi ya usawa wa ushindani, ambayo mitaani inaitwa kodi ya anasa. Hesabu yake inachukua wastani wa mwaka wa kila mkataba wa wachezaji 40 walio kwenye orodha ya klabu, inaongeza marupurupu, kisha inalinganisha jumla na kizingiti. Kizingiti cha 2024 kilikuwa dola milioni 237, cha 2025 milioni 241, na cha 2026 ni milioni 244.

Anayevuka kwa mara ya kwanza analipa asilimia 20 ya kilichozidi. Mwaka wa pili mfululizo ni 30, kuanzia wa tatu ni 50. Juu ya hapo kuna nyongeza kwa ngazi: ukizidi kizingiti kwa zaidi ya milioni 20 unaongezewa asilimia 12, ukizidi milioni 40 nyongeza inakuwa 45 kwa anayerudia, ukizidi milioni 60 inakuwa 60. Anayezidi milioni 40 pia anarudishwa nyuma nafasi 10 katika chaguo lake la kwanza la drafti, zoezi la kila mwaka ambalo klabu hupokezana kuchagua chipukizi. Klabu ikishuka chini ya kizingiti kwa msimu mmoja tu, inaanza upya kwenye asilimia 20.

Dodgers wamekuwa wakilipa kila mwaka tangu 2021, kwa hiyo wako kwenye viwango vya juu kabisa. Hesabu yao ya 2025 inakwenda hivi. Kutoka milioni 241 hadi 261 wanalipa nusu, yaani milioni 10. Kutoka 261 hadi 281 ni asilimia 62, yaani 12.4. Kutoka 281 hadi 301 ni asilimia 95, yaani 19. Kuanzia 301 kwenda juu ni asilimia 110. Mishahara yao kwa hesabu ya kodi ilifika karibu milioni 417.4, na hivyo sehemu ya juu ya milioni 116.4 ikazaa kodi ya milioni 128. Jumla: milioni 169.4, rekodi. Mwaka uliotangulia walilipa milioni 103.

Milioni 169.4 ni kodi tu, na inazidi mishahara yote ya mwaka ya zaidi ya klabu kumi za ligi hiyohiyo. Katika ngazi waliyopo, kila dola wanayomwongezea mchezaji inawatoka dola 2 na senti 10.

Je, breki hii inafanya kazi? Inafanya, ila kwa walio katikati. Klabu yenye kipato cha wastani inakiona kizingiti kama ukuta na inapanga usajili wake wote isiuguse. Kwa klabu yenye kipato cha Dodgers ukuta uleule ni kituo cha ushuru tu: unalipa, unapita. Matokeo yake kodi imewapunguzia wapinzani nguvu huku anayeongoza akiendelea na safari. Anayedai kikomo kisichopitika ana hoja hapa, na ni hoja nzuri. Tatizo ni anachodhani kitafuata.

Wengine walikuwa na nini, na hawakuwa na nini

Wazo la kuahirisha lilitoka upande wa Ohtani mwenyewe. San Francisco Giants walisema hadharani baadaye kwamba ofa yao ilifanana sana na ile iliyosainiwa. Toronto nao walikuwa kwenye kinyang'anyiro mpaka siku za mwisho. Na uahirishaji si uvumbuzi wa Los Angeles. Washington Nationals walimsajili Max Scherzer kwa milioni 210 wakaahirisha nusu yake, milioni 105, mpaka 2028. Wakashinda World Series ya 2019 naye akiwa kikosini, na hakuna aliyepiga kelele. New York Mets wanamlipa Bobby Bonilla karibu dola milioni 1.2 kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 hadi 2035, na imekuwa utani wa kila mwaka. Dodgers wameizoea njia hiyo kuliko wengine: Mookie Betts, Freddie Freeman, Will Smith na Blake Snell wote wana sehemu zilizoahirishwa. Lakini mlango uko wazi kwa klabu zote 30.

Kilichofungwa ni mlango wa mapato. Kuanzia 2014 Dodgers wana mkataba wa televisheni wa kwao wenyewe wa miaka 25 unaotajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 8.35. Wastani wake ni milioni 334 kwa mwaka, kabla hujauza tiketi hata moja. Na tiketi zinauzika: mwaka 2025 walipitisha watazamaji milioni 4 nyumbani kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ongeza kampuni za Japani zilizojipanga kudhamini baada ya Ohtani kufika.

Upande wa pili, Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports, iliyokuwa ikimiliki haki za televisheni za klabu nyingi za ukubwa wa kati na mdogo, iliomba ulinzi wa mufilisi. San Diego Padres na Arizona Diamondbacks walipoteza mikataba yao mwaka huohuo, na ligi ikabidi iwatengenezee matangazo yenyewe. Mwanya uliokuwa mkubwa ukawa bonde.

Ligi inayo njia ya kugawana. Kila klabu inaweka asilimia 48 ya mapato yake halisi ya ndani kwenye chungu kimoja, kisha chungu kinagawanywa sawa kwa 30. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Klabu A ina mapato ya ndani ya milioni 400, inaweka 192. Klabu B ina milioni 150, inaweka 72. Tuseme mgao wa kila mmoja unatoka 110. A inabaki na 318, B inaishia na 188. Kabla ya kugawana A ilikuwa na mara 2.7 ya B; baada ya kugawana, mara 1.7. Pengo limepungua sana, lakini tofauti iliyobaki ya milioni 130 inatosha kulipa kikosi kizima cha klabu ndogo.

Linganisha na ligi ya futibo ya Marekani, NFL, ambako haki za televisheni zinauzwa kwa pamoja na fedha zinagawanywa sawa kwa klabu 32. Huko Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin, unapata fungu la televisheni sawa na New York. Kikomo cha NFL kilipoanza 1994 kiliukuta msingi huo umeshajengwa. Besiboli inaombwa ipake rangi nyumba isiyo na msingi.

Sasaki: kikomo kigumu kikiwa kazini

Huna haja ya kukisia kikomo kisichopitika kingefanya nini kwa Dodgers, kwa sababu besiboli inacho tayari, kwenye kona moja.

Wachezaji wa kigeni walio chini ya miaka 25, au wasiotimiza misimu sita ya kulipwa kwao, wanahesabiwa kuwa chipukizi wa kimataifa. Kila klabu inapewa mfuko wa bonasi kwa mwaka na hairuhusiwi kuuzidi. Hakuna kodi wala njia ya kulipia ziada; kinachoruhusiwa ni kununua sehemu ya mfuko wa klabu nyingine kwa kubadilishana wachezaji. Mwaka 2025 mifuko ilikuwa kati ya takriban milioni 5.1 na milioni 7.6, na mikubwa zaidi ilikuwa ya klabu ndogo. (Ni utaratibu huohuo unaowaongoza vijana wa Uganda kama mrushaji David Matoma, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates.)

Januari 2025 Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani mwenye umri wa miaka 23 na mpira unaozidi maili 100 kwa saa, aliingia sokoni chini ya sheria hiyo. Kifedha, Milwaukee, Miami, Pittsburgh na yeyote mwingine walikuwa sawa na Dodgers au mbele yao. Walioingia hatua ya mwisho walikuwa Dodgers, Padres na Blue Jays. Dodgers, ambao mfuko wao ulikuwa kati ya midogo kabisa, walinunua nafasi kwa wengine na kumsajili kwa bonasi ya milioni 6.5. Oktoba hiyo alikuwa akirusha vipindi vya mwisho vya mechi za mtoano.

Tafakari kilichotokea. Yoshinobu Yamamoto, Mjapani mwenzake aliyekuwa ametimiza umri, aliwagharimu Dodgers milioni 325 kwa miaka 12, juu yake milioni 50.6 za ada kwa klabu yake ya Japani, Orix Buffaloes. Sasaki hakuwa na rekodi ya Yamamoto, ila angesubiri miaka miwili angelipwa mamia ya milioni. Kikomo hakikumpeleka kwa mnyonge. Kilimpeleka palepale kwa tajiri, kwa bei ya kutupa, na tofauti ikabaki kwa klabu badala ya mchezaji.

Ohtani mwenyewe alipitia njia hiyo Desemba 2017. Texas Rangers walikuwa na zaidi ya milioni 3.5 za kumpa. Akachagua Los Angeles Angels kwa milioni 2.3. Bei ikishafungwa, mchezaji anachagua mji, makocha, madaktari, wachezaji wenzake, nafasi ya kushinda au chochote anachokipenda yeye. Angels hawakufika mtoano hata mara moja katika misimu sita aliyokaa nao, wakiwa na yeye na Mike Trout pamoja. Hilo nalo lina funzo lake kuhusu uongozi wa klabu.

Milwaukee, na kwa nini Oktoba ni mchezo mwingine

Msimu wa 2025 timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote katika ligi nzima ilikuwa Milwaukee Brewers, klabu ya soko dogo: 97 kati ya 162. Dodgers walishinda 93. Timu hizo zilikutana mara sita katika msimu wa kawaida na Brewers wakashinda zote sita. Mets, waliotumia zaidi ya milioni 300 na kumpa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15, walishinda 83 na kukosa mtoano kabisa.

Brewers wanafanyaje? Wanaishi kwenye ngazi za mishahara. Mchezaji anatumikia miaka sita ya ligi kuu, mwaka mmoja ukihesabiwa siku 172 kikosini, kabla hajawa huru kuhama. Mitatu ya kwanza kwa kawaida analipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata anakwenda kwenye usuluhishi wa mshahara, ambako wasuluhishi huamua kama yeye na klabu hawakukubaliana. Klabu yenye maskauti wazuri inavuna miaka hiyo sita, halafu inamuuza mchezaji kabla hajawa ghali na kuanza upya na chipukizi. Paul Skenes wa Pittsburgh alichaguliwa mrushaji bora wa National League, moja ya kanda mbili za ligi hiyo, mwaka 2025 kwa mshahara usiofika dola milioni moja. Pirates walipoteza mechi 91 mwaka huo, na hiyo haikuwa kwa kukosa kikomo cha mishahara.

Oktoba Brewers walikutana tena na Dodgers, fainali ya National League. Dodgers wakashinda nne bila: 2–1, 5–1, 3–1, 5–1. Brewers walipata pointi moja kila mechi. Warushaji walioanza walikuwa Snell, Yamamoto, Tyler Glasnow na Ohtani, na katika mechi ya nne Ohtani alirusha vipindi sita bila kufungwa, akapiga mpira nje ya uwanja mara tatu usiku uleule.

Hapa ndipo fedha inaonekana kwa macho. Katika mechi 162 unahitaji warushaji wengi, wa wastani wengi wao, na klabu yenye akili inaweza kuwapata. Katika mtoano kuna siku za mapumziko, warushaji wanne wanatosha, na aliyenunua wanne bora anawatumia karibu kila dakika muhimu. Dodgers walikuwa na majeruhi wengi msimu mzima na hawakuwaharakisha, kwa sababu walikuwa na wa akiba. Wanachonunua kwa milioni 417 ni uhakika wa kuwa na warushaji wanne wazima mwezi wa kumi. Mechi za Juni wanazishinda kwa nguvu ya kawaida tu.

Hata hivyo tusizidishe. Miaka kumi ya 2014 hadi 2023 ilitoa mabingwa tisa tofauti. Houston Astros tu ndio waliorudia. Fainali ya 2025 iliamuliwa mechi ya saba, kipindi cha 11, kwa 5–4. Wakati huohuo NFL, yenye kikomo kigumu, iliwaona Kansas City Chiefs wakicheza fainali tano kati ya sita za misimu ya 2019 hadi 2024. Kikomo si dawa ya ufalme.

Mkiani hakuna anayebanwa

Katika soka la Ulaya, au hata ligi kuu ya Tanzania, klabu isiyotumia inashuka daraja na mapato yake yanaanguka. Marekani hakuna kushuka. Klabu inaweza kupoteza mechi 100, ikapokea mgao wa televisheni ya taifa na mgao wa chungu, ikapata nafasi nzuri kwenye drafti, na mmiliki akafunga mwaka na faida. Mwanzoni mwa msimu wa 2025 mishahara ya Mets ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya Miami Marlins.

Kuna sheria ya kuzuia hili, haitangazwi sana. Klabu inayopokea mgao inatakiwa iutumie kuboresha timu, na kipimo kinachotajwa ni kwamba mishahara yake kwa hesabu ya kodi ifikie mara moja na nusu ya kiasi ilichopokea. Athletics walipohama Oakland na kuanza kupokea mgao mkubwa, ghafla wakampa Luis Severino milioni 67 kwa miaka mitatu mwishoni mwa 2024, mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia yao mpaka wakati huo. Walikuwa klabu ileile, na mmiliki yuleyule. Kilichobadilika ni hofu ya kushtakiwa na chama cha wachezaji. Chama hicho kiliwahi kufungua malalamiko Februari 2018 dhidi ya Pirates, Rays, Marlins na Athletics wenyewe. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba malalamiko yanachukua miaka na hayarudishi msimu uliopotea.

Kitakachokuwa mezani

Mkataba wa pamoja unaisha 1 Desemba 2026. Mara ya mwisho wamiliki walipojaribu kulazimisha kikomo, wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti 1994, World Series ya mwaka huo ikafutwa, na mgomo ukaisha baada ya siku 232, jaji Sonia Sotomayor alipotoa zuio dhidi ya wamiliki. Kikomo hakikupita. Ligi ya hoki ilipoteza msimu mzima wa 2004–05 kukipata. Mwaka 2021 wamiliki wa besiboli walipendekeza kima cha chini cha mishahara cha milioni 100 kwa kila klabu, lakini wakakifunga pamoja na kushusha kizingiti cha kodi hadi milioni 180. Wachezaji wakakataa, maana kilichoongezwa chini kingechukuliwa juu.

Kuna hoja moja ya upande wa kikomo ambayo haijibiki kirahisi, nayo ni ya kumbakiza nyota. Skenes atakuwa huru baada ya msimu wa 2029, na kila mtu Pittsburgh anajua hatabaki. Katika NFL klabu ndogo inaweza kumbakiza mchezaji wake bora maisha yake yote. Lakini kinachomwezesha ni fungu sawa la televisheni. Kikomo kinakuja baadaye, kuzuia wengine wasipande juu ya fungu hilo.

Kwa hiyo pendekezo lolote litakalotoka lisomwe kuanzia chini kwenda juu. Kwanza tarakimu ya kima cha chini, na adhabu ya asiyekifikia: je, anakatwa mgao moja kwa moja, au inabidi kesi ifunguliwe? Pili, asilimia ya mapato yote iliyohakikishwa kwa wachezaji, maana kikomo kisicho na asilimia ni punguzo la mishahara tu. Tatu, umbali kati ya kima cha chini na kikomo. Ukizidi mara mbili, pengo limehalalishwa badala ya kuzibwa. Kikomo chenyewe kije cha nne.

Na kuahirisha malipo? Ukitaka kupunguza athari yake huhitaji kuvunja mfumo. Weka ukomo wa sehemu inayoweza kuahirishwa, tuseme nusu ya mkataba, na usogeze tarehe ya amana iwe mwisho wa msimu uleule. Mabadiliko mawili ya kifungu kimoja.

La televisheni ndilo gumu. Mikataba ya kitaifa ya ligi inaisha baada ya msimu wa 2028, na kamishna Rob Manfred amesema wazi anataka wakati huo auze haki za klabu zote kwa pamoja. Klabu zilizopoteza mikataba yao zitakubali hata kesho. Dodgers wao wana mkataba wao mpaka 2038, na ulipangwa wakati walipokuwa wakitoka kwenye ufilisi wa mmiliki aliyepita, kwa masharti yaliyokinga sehemu ya fedha hizo isihesabiwe kwenye chungu cha mgao. Ili waingie kwenye kapu la pamoja kabla ya hapo, ligi italazimika kuwalipa fidia ya miaka kumi ya mapato bora kuliko ya klabu yoyote, na fidia hiyo itatoka kwa wale wale 29 wanaolalamika leo.